Bustani ya Harufu Nyuma ya Nyumba Zetu

Niliuza miche kando ya barabara kwa miaka ishirini na miwili, na muda huo wote sikuwahi kuwa na bustani yangu mwenyewe. Nyumba tunazoishi ni zile za zamani za baraza la jiji: chumba, jikoni, na mlango unaofunguka moja kwa moja njiani. Maua yangu yalikaa kwenye mifuko ya miche mpaka mtu mwenye nyumba yenye ua mkubwa upande mwingine wa jiji apite na gari lake ayachukue. Nilijua kila mche unapenda jua kiasi gani na maji kiasi gani, lakini sikujua unavyokuwa ukifikisha miaka mitatu, kwa sababu hakuna uliokaa nami kiasi hicho.

Kwa hiyo goti langu la kulia lilipokataa kuchuchumaa barabarani siku nzima, na watoto wangu wakaniambia nipumzike, nilikiangalia kile kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu nikasema moyoni, hapa.

Zamani palikuwa na jengo la mabafu ya pamoja. Lilipobomolewa, kifusi kiliachwa palepale, na watu wakaanza kumwaga taka juu yake. Kulikuwa pia na mjakaranda mmoja mkubwa, na kamba za kuanikia nguo zilizofungwa kwenye shina lake. Basi.

Mtaa ulikutana kuzungumzia kiwanja hicho, na aliyenipinga alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama aliyepika katika shule moja ya bweni mpaka akastaafu. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto mia tatu kwa mara moja.

"Tupande sukuma wiki," alisema. "Tupande kunde na nyanya. Maua hatuli."

Nikasimama. "Sukuma utapanda wewe, halafu itavunwa alfajiri na mtu usiyemjua. Kesho yake tutaanza kuangaliana vibaya hapa. Ua likiibwa hakuna anayelala njaa."

Watu walicheka, na nilipoona wanacheka nilijua nimeshinda. Nikaongeza sharti mbele ya wote, kwa sauti: hakuna mboga hata moja itakayopandwa kwenye kiwanja hicho. Iwe bustani ya kupendeza, ya watu kuja kuangalia na kupumzika. Mikono iliinuliwa, ikahesabiwa, mambo yakaisha. Jirani yangu hakuinua wake.

Sikutaka maua yaliyotupwa ovyo kama shati la viraka. Niliigawa bustani katika sehemu, kila sehemu na jambo lake. Kwenye kifusi nilifanya sehemu kavu: mishubiri ya aina nane, mikonge mifupi, madungusi yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Watu walisema hakuna kitakachoota juu ya matofali. Kiliota. Upande unaopata jua la asubuhi nilifanya sehemu nyeupe, kila kitu cheupe, mayungiyungi, waridi, bogenvilia. Jirani yangu alisimama pale akiwa ameshika kiuno.

"Umetupandia matanga," alisema.

Haikuchukua muda, bibi harusi wa kwanza akaja na mpiga picha wake, akasimama katikati ya weupe ule na gauni lake, na tangu hapo Jumamosi haipiti bila harusi. Chini ya mjakaranda nilifanya sehemu ya kivuli, yenye kangaga na yale majani mapana yanayoitwa masikio ya tembo, na mabenchi mawili. Jumapili baada ya ibada kwaya zilikuja na sare zao. Vikundi vya akina mama vilikuja hata kutoka mtaa wa Huruma. Vijana waliketi kwenye mabenchi na kuniambia, "Mathe, hapa umefanya noma," nami nilikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Sehemu ya nne ndiyo niliyoipenda kabla hata ya kuianza. Kule barabarani nilikuwa nimegundua jambo moja kuhusu wanunuzi: walikuwa wakiangalia maua kwa macho, lakini walikuwa wakiamua kwa pua. Mtu aliinama, akanusa, ndipo akauliza. Kwa hiyo nilitaka sehemu nzima ya harufu. Nilipanda asumini, mrehani, mnanaa, mchaichai, rozmari, lavenda, jiranio la majani yanayonukia limau, na waridi la kale jekundu ambalo harufu yake inakufuata mpaka nyumbani. Vyote nilivipanda karibu karibu, chini, katika duara moja, ili mtu akiingia afunikwe. Nilipaka rangi kibao nikakisimika. Nilijisifu bila haya.

Mwisho wa safu yetu anaishi mzee asiyeona. Surua ilichukua macho yake akiwa na miaka minane, huko kwao magharibi, na alipokua alisomea kazi ya simu na kuwa opereta katika ofisi moja kubwa mjini mpaka siku ya kustaafu. Mkewe alishafariki. Anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na anajua mtaa wetu kwa fimbo yake kuliko wengi wetu tunavyoujua kwa macho. Jumapili ya kwanza ya sehemu ya harufu, nilimwona akija peke yake, amevaa koti, na moyo wangu ulifurahi sana. Nilijiambia huyu ndiye mgeni niliyemjengea.

Aliingia kwenye duara. Alisimama. Aligeuza uso huku na huku. Aliinama kidogo, akapapasa, akautoa mkono haraka na kutia kidole mdomoni. Halafu akageuka akatoka. Hakuwa amekaa hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Mzee, umeonaje?" nilimuuliza langoni.

"Kelele," alisema.

"Kelele gani? Hakuna hata redio hapa."

"Mama, mimi nilikaa kwenye ubao wa simu miaka thelathini. Kuna siku laini zote zinaita pamoja, kila mtu anasema halo, halo, na wewe humsikii hata mmoja. Humo ndani kuko hivyo. Nimenusa vitu vinane, sijajua hata kimoja." Akanionyesha kidole. "Isipokuwa waridi. Hilo limejitambulisha."

Kulikuwa na tone la damu. Nilimpa pole, lakini pole yangu ilitoka mdomoni tu. Ndani nilikuwa nawaka. Nani alimwuliza? Mimi niliyekuwa nikiotesha rozmari kwa vijiti tangu kabla ya nusu ya mtaa huu kuzaliwa, nifundishwe na mtu wa simu? Kwa wiki nzima nilipopita mlangoni kwake nilisalimia bila kusimama.

Lakini neno likishaingia haliondoki kwa kuwa umekasirika. Jumatatu iliyofuata, asubuhi, wakati hakuna mgeni, nilichukua kitambaa cha kichwani, nikajifunga macho, nikaingia kwenye duara langu mwenyewe.

Nilidhani nitatambua kila mmea. Nilinusa utamu mmoja mzito uliochanganyika, kama manukato yaliyomwagika kwenye kabati la dawa. Nilitafuta mnanaa. Najua nilikoupanda, lakini ulikuwa chini, na goti langu halikutaka kushuka, na nilipojilazimisha nilishika lavenda. Nilirudi nyuma, nikagonga muundi kwenye bomba la maji, nikapiga ukelele.

"Wewe!" Ilikuwa sauti ya jirani yangu, juu ya uzio. "Umelogwa? Unacheza kombolela peke yako?"

Nilivua kitambaa. Alikuwa ameshika beseni la nguo, anacheka mpaka maji yanamwagika. Nilikaa chini kwenye ukingo nikasugua mguu wangu, na nikakubali, peke yangu kwanza, kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Jioni hiyo nilienda kwake. Alinikaribisha chai, akaimimina mwenyewe, kidole ukingoni mwa kikombe ili ajue imefika wapi.

"Nilidhani umekasirika," alisema.

"Nilikasirika."

"Na sasa?"

"Sasa nataka uje unionyeshe."

Aliweka masharti yake, kwa sauti ile ya ofisini, taratibu na safi. Kwanza, hakitawekwa kibao chochote kinachosema bustani ya vipofu. "Mimi si maonyesho. Andika bustani ya harufu. Kila mtu ana pua." Pili, akisema kitu, nisimwambie ndiyo mzee halafu nikafanye nilivyotaka. Nilicheka, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Tulifanya kazi karibu miezi miwili. Nilifukua mawe ya msingi wa yale mabafu, na vijana wa mtaa wakanisaidia kuyapanga kuwa vitanda vilivyoinuka hadi kiunoni, ili mtu asihitaji kuinama. Mimi na goti langu tulishukuru kabla ya mtu mwingine yeyote. Mafundi wa soko la Gikomba walituchomelea reli ya bomba, ikapita mbele ya vitanda vyote, na kila kitanda kinapoanza kuna fundo la chuma kwenye reli, mkono ukiligusa unajua umefika kitanda kingine. Mimea ambayo lazima uiguse ndipo inukie, mnanaa, rozmari, jiranio, tuliiweka mbele kwenye reli. Inayonukia yenyewe tuliitenganisha, asumini pembe hii, waridi pembe ile, tena waridi nyuma ya kizuizi. Kati ya kitanda na kitanda tuliacha nafasi tupu yenye kokoto tu.

"Hapo ni pa kupumzisha pua," alisema.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa upepo. Mimi niliujua upepo kwa kuona majani yanavyotikisika. Yeye aliujua kwa saa.

"Asumini umeiweka wapi?"

"Upande wa barabara."

"Ihamishe. Kuanzia saa kumi upepo unatoka huko, na huko kuna yule mama wa omena. Anaanza kukaanga dagaa wake saa kumi kamili. Asumini haiwezi kumshinda."

Niliihamisha. Siku ya pili saa kumi nilisimama pale, na omena ikapita kwenye nafasi tuliyoiacha, ikaenda zake.

Hatukukubaliana kwa kila kitu. Aliichukia lavenda, alisema inanuka kama sabuni ya choo cha wakubwa kule ofisini. Nilimwambia wageni wanaipenda, itabaki, na akitaka aipite haraka. Ilibaki. Nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba tuko sawa kwa sawa, mpaka siku tuliyofika kitanda cha mwisho, kilichokuwa bado kitupu.

"Hapo weka nyanya," alisema.

"Nyanya ya kula?"

"Majani yake. Sugua jani la nyanya halafu unuse. Hakuna kingine duniani kinachonuka hivyo." Alikuwa ameegemea reli. "Mama yangu alikuwa na mistari minne nyuma ya jiko. Siku nilipoanza kuumwa nilikuwa humo ndani namsaidia kufunga miti. Rangi ya nyanya siikumbuki vizuri. Nyekundu, najua ni nyekundu, watu wananiambia. Harufu ndiyo ninayo."

Nilimwelewa, na bado nikasema hapana. Nilimkumbusha mkutano. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtaa mzima nikasema hakuna mboga, na aliyeshindwa siku hiyo bado anaishi ukuta kwa ukuta nami. Nikipanda nyanya nitaweka wapi uso wangu?

"Sijui utauweka wapi," alisema. "Mimi uso wako sijauona." Akachukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Nilijaribu mimea mingine kwenye kitanda kile. Nilijaribu oregano, nikajaribu ile mimea midogo ya maua ya njano inayonuka kama asali. Hakuna kilichofaa, kila kimoja kilifanana na kitu kilichokwisha kuwapo. Nikaenda soko la Muthurwa asubuhi moja kwa shughuli nyingine kabisa, nikapita mbele ya mama anayeuza miche ya mboga, na kabla sijajishauri nilikuwa nimeinama nimesugua jani la nyanya. Mzee alikuwa amesema kweli tena. Ni harufu ya kijani kibichi na chungu, na kuna kitu kama chuma ndani yake. Hainukii vizuri, lakini huwezi kuiacha.

Nilirudi na miche sita. Sikuificha. Niliona kwamba nikiipanda kwa kujificha nitakuwa mwoga, na mimi si mwoga. Nilimwita jirani yangu juu ya uzio.

"Njoo uone."

Alikuja, akaona nilichoshika, na mdomo ukamwachama. Halafu ukajaa kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni.

"Nyanya! Mwenye maua yake! Si ulisema? Si ulisema mbele ya watu?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nilikosea kuhusu nyanya. Kuhusu sukuma bado nasimama palepale."

Alicheka tena, lakini alipoiangalia ile miche alivuta midomo. "Na unaipanda hivyo? Shingo nje? Nyanya inazikwa mpaka hapa, itoe mizizi pembeni. Lete." Akaninyang'anya. Akapanda yote sita yeye mwenyewe, akakata miti ya kuishikilia, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kuishika isipokuwa yeye. Anaondoa vichipukizi kwa kucha. Zikiiva zinagawiwa kwa wazee wa mtaa, na orodha anayo kichwani. Nimemwacha. Kitanda kile ni chake na kinapendeza kuliko vyangu viwili vitatu, ingawa sijamwambia.

Tulifungua upya Jumapili moja ya mawingu. Mzee alikuja na koti lake. Alishika reli, akatembea polepole, fundo hadi fundo, akataja kila mmea kwa jina kabla ya kuugusa. Kwenye lavenda alipita haraka. Kwenye nyanya alivunja jani dogo, akalikunja mkononi, akasimama. Jirani yangu, ambaye angempigia kelele mtu mwingine yeyote, alimwacha. Sikumwangalia usoni. Nilipanga kokoto ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Sasa yeye ndiye anayepokea wageni wa sehemu hiyo. Hakuna aliyempa kazi, alianza tu. Kila Jumapili kuanzia saa nane anasimama mwanzo wa reli na sauti yake ya simu: "Karibuni. Tafadhali, mmoja mmoja." Anawaambia wafumbe macho, na watu wazima wanafumba, wenye suti na wenye sare za kwaya. Anawauliza wananusa nini kabla hajawaambia. Mimi husimama sehemu nyeupe nikasikia vicheko, na najua wamefika kwenye nyanya, kwa sababu kila mtu huwa na hakika anaijua na hakuna anayeweza kuitaja.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoanza kupungua, alianza kuja mwanamke mmoja wa makamo. Mara ya kwanza alikuja na kikundi cha wanawake, wenzake wakanusa na kushangaa, yeye akatabasamu tu. Wenzake walipoenda kupiga picha alibaki, akamwambia mzee kwamba tangu alipougua ule ugonjwa uliofunga miji hanusi kitu. Chakula ni kama karatasi. Aliunguza sufuria mara mbili bila kujua. Mtoto wa dada yake alizaliwa, akapewa amshike, akamnusa kichwani, hakuna.

Nilikuwa karibu, nikasikia.

Mzee hakumpa pole. Alimwambia, "Njoo kila Jumapili. Tutapita vyote. Usijaribu kunusa kwa nguvu."

Alikuja. Jumapili baada ya Jumapili nilimwona ameshika reli, mzee mbele yake, wanasimama kwa kila fundo. Anavunjiwa jani, anaambiwa jina lake, anavuta pumzi. "Leo?" "Bado." Wanaendelea. Wageni wengine walijifunza kuwapisha. Nilianza kuhakikisha kwamba mimea ya mbele imepogolewa siku mbili kabla, ili machipukizi mapya, yenye nguvu, yawe tayari kwa siku yake.

Jumapili iliyopita alifika amelowa manyunyu. Hakukuwa na watu wengi. Mzee alimvunjia kijiti cha rozmari, akakisugua kati ya viganja vyake, akampa. Yule mwanamke alikileta puani, akakitoa, akakirudisha.

"Kuna kitu," alisema.

"Kama nini?"

"Sijui. Kama moshi. Kama mtu anachoma majani makavu mbali sana."

"Mbali kiasi gani?"

Alifikiri. "Nyuma ya zile nyumba."

"Sawa," alisema mzee, akaupapasa mkono wa yule mwanamke na kuuweka tena kwenye reli. "Twende kwenye mnanaa."